"Kwenu Wapi?" Habari za Wageni na Wenyeji wa Kariakoo, Dar es Salaam

Katika maswali ambayo Mswahili humwuliza mtu amwonaye mara ya kwanza, liko moja lisilokosekana, nalo ni hili: "Kwenu wapi?" Hamwulizi nyumba anamolala, maana hilo lina maneno yake, "Unakaa wapi?" Mtu aweza kukaa Dar es Salaam miaka arobaini, akazaa na kujukuu, naye akiulizwa kwao akajibu Kisarawe, au Tabora, au Songea. Watu wanaojifunza lugha yetu ukubwani husikia jibu hilo wakadhani kwamba huyu bado ni msafiri, hajapata makao. Sisi twaona kwamba sivyo. Twataka kueleza, kwa mfano wa Kariakoo, jinsi watu wa makabila mengi walivyopata kuwa wenyeji wa mahali pamoja bila kuyatupa majina ya kwao. Na jinsi swali hilo moja lilivyotumiwa kwa nia mbili zinazopingana, yaani kumwingiza mtu mtaani, na kumtoa.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe. "Kwetu" si jina la mahali; ni neno la milki, na milki hiyo ni ya wengi. Mtu husema "kwangu" akitaja nyumba yake, lakini akitaja asili yake husema "kwetu", kwa kuwa asili haimilikiwi na mtu mmoja. "Mwenyeji" ni mwenye mji, tena mji kwa maana ya zamani, yaani makao ya watu wa jamaa moja pamoja na moto wao na makaburi yao. Kinyume chake si adui, bali ni "mgeni", na wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hizi mbili zikisomwa pamoja zatufundisha kwamba ugeni una mwisho, na mwisho wake ni kazi. Mtu akipewa jembe ameanza kuwa mwenyeji. Liko neno la nne, "mhuni", ambalo zamani lilimtaja mtu anayetangatanga, asiye na mke wala jamaa wala kazi ijulikanayo. Mgeni ana kwao. Mhuni ndiye asiyejulikana kwao. Msomaji aishike tofauti hii, maana ndiyo shina la habari yetu.

Sasa tuje kwenye mtaa. Mji wa Dar es Salaam ulianza kujengwa katika miaka ya 1860 kwa amri ya Sultani Majid bin Said wa Unguja, karibu na kijiji cha Mzizima. Waliokuwako kabla yake ni Washomvi wa pwani na Wazaramo wa bara yake. Majid alipofariki mwaka 1870 kazi ya mji ikalala. Wajerumani wakaiamsha, na mwaka 1891 wakahamishia hapo makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo. Tangu hapo mji ukavuta watu: wapagazi wa misafara, askari, mafundi, watumishi, wafanyabiashara, na watu waliotoka utumwani wakitafuta mahali pa kuanza upya.

Wajerumani walitaka kila namna ya watu ikae mahali pake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikwisha kupanga mahali pa Waafrika upande wa magharibi wa mji, wakaanza kujenga jengo la soko. Vita vikawakatiza. Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, nao wakalitumia jengo lile na viwanja vyake kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, ambao kwa Kiingereza waliitwa Carrier Corps. Watu wakalisikia jina hilo, wakalitamka kwa namna ya lugha yetu, likawa Kariakoo. Vivyo hivyo Nairobi kuna mtaa uitwao Kariokor, na asili yake ni hiyo hiyo. Vita vilipokwisha Waingereza waliifuata njia ya Wajerumani: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, Kariakoo ng'ambo ya uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, ulioachwa uwe mpaka. Jengo la kambi likarudi kuwa soko mwaka 1923.

Jina la mtaa huu latukumbusha jambo ambalo wengi wanaolitaja hawalifikiri. Wale wapagazi hawakuja kwa hiari, wengi wao. Walikamatwa vijijini wakafungwa mizigo. Makumi ya maelfu walikufa katika vita vile, nao waliokufa kwa magonjwa na njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Wengi walizikwa njiani, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuwauliza kwao. Sanamu ya askari iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 yawataja pamoja na askari. Lakini ukumbusho wao mkubwa ni jina la mtaa huu. Basi Kariakoo ulipata jina lake kwa watu ambao hapakuwa kwao. Mji uliowapokea watoto wa watu wa namna hiyo ulikuwa na sababu ya kulishika sana jambo la maziko, kama tutakavyoona.

Anayetaka kujua ni nani waliokaa hapo na asome majina ya njia. Iko njia ya Nyamwezi na njia ya Kongo, njia ya Mafia na ya Pemba, njia ya Udowe, na njia iitwayo Swahili. Ziko Masasi, Magila na Likoma, majina yanayojulikana sana na watu waliosomeshwa na misioni. Iko ya Livingstone, na iko ya Aggrey, mwalimu Mwafrika kutoka Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliyezuru Afrika Mashariki mwaka 1924. Hatusemi kwamba kila njia ilikaliwa na watu wa jina lake. Serikali ndiyo iliyotoa majina, nayo ilitoa kama ilivyopenda. Lakini mtu akiyasoma yote pamoja huona ramani ya nchi nzima, pamoja na visiwa vyake na majirani zake, imekunjwa ikatiwa katika viwanja vichache.

Watu wenyewe walikuwa Wazaramo, Wandengereko na Warufiji waliotoka karibu. Waluguru na Wakami wa milimani. Wanyamwezi na Wasukuma. Wangoni, Wayao na Wamatumbi wa kusini. Tena Wamanyema, Wanubi na Wazulu walioletwa kuwa askari. Habari ya Wamanyema yafaa kuangaliwa. Wao walitoka upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo sasa ni Kongo, wengine wakiwa wapagazi, wengine wakiwa wamechukuliwa utumwani. Huko walikotoka walikuwa watu wa makabila mbalimbali yenye lugha mbalimbali. Njiani na mjini wakawa kabila moja, Wamanyema. Twaona basi kwamba hata "kwetu" yaweza kutengenezwa. Mtu aliyenyang'anywa kwao akafanya shirika na wenzake walionyang'anywa, wakajipa jina, nalo jina hilo likawa jibu la kutosha mbele ya watu.

Sasa tueleze mambo yaliyowaunganisha watu hawa. La kwanza ni nyumba. Nyumba ya Kariakoo ya zamani ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, na katikati ukumbi mrefu wa kupitia toka mlango wa mbele hata uani. Kuta zilikuwa za miti na udongo, paa la makuti, baadaye la madebe yaliyokunjuliwa au la bati. Mbele palikuwa na baraza, na nyuma ua wenye jiko, choo na mahali pa kufulia. Mwenye nyumba alikaa katika chumba kimoja au viwili, na vingine akavipangisha. Si wanaume tu waliomiliki nyumba; wanawake wengi walijenga kwa fedha ya akiba yao, na wanawake wa Kimanyema walisifiwa sana kwa jambo hilo.

Nyumba ya namna hii haimpi mtu nafasi ya kujitenga. Mzaramo mwenye nyumba, Mnyamwezi mchukuzi, Mngoni askari, na Mluguru muuza mboga hupita ukumbi mmoja na kupika katika ua mmoja. Mtoto aliaye usiku huwaamsha wote. Mwanamke akiumwa uchungu hamngojei mama yake aje kutoka Tabora. Atashikwa mkono na wa chumba cha pili. Ndiyo maana ya ile methali, Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wala lugha ya kupatana haikuhitaji mwalimu: Kiswahili kilisemwa uani kabla ya kusemwa shuleni. Sisi walimu twajua kwamba watoto wa nyumba hizo walituletea Kiswahili kilichokwisha kukomaa, chenye maneno ya Kizaramo, Kimanyema na Kihindi ndani yake, nasi tukajitwika kazi ya kukisafisha, wakati mwingine bila sababu.

La pili ni utani. Twalitaja kwa uangalifu, maana wengi hudhani utani ni mchezo tu. Utani ni mapatano ya kale baina ya makabila. Aghalabu ulitokana na vita vilivyokwisha kwa suluhu, kama utani wa Wangoni na Wahehe, au na safari za misafara, kama utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, ambao walikutana kwa sababu ya biashara ya pembe na njia ya pwani. Mtani ana ruhusa ya kumtukana mtani wake bila ya kukasirikiwa, na kuchukua kitu chake kidogo bila ya kuitwa mwizi. Lakini ruhusa hiyo ina deni. Mtani akifiwa, wewe ndiwe utakayekuja kufanya kazi zile ambazo wafiwa hawaziwezi kwa huzuni: kupeleka habari, kuchota maji, kuchimba kaburi. Tena utamwigiza marehemu mbele ya watu mpaka wanaolia wacheke, na utazuia njia ya makaburini mpaka upewe chochote.

Mjini desturi hii ilipata kazi mpya. Mnyamwezi aliyefika Kariakoo peke yake, bila ndugu, aliulizwa "Kwenu wapi?" Alipojibu, mara Mzaramo mmoja alimrukia kwa matusi: huyu ni mtani wangu. Basi amekwisha kupata mtu. Hakuna undugu wa damu, wala hawajaonana kabla. Lakini siku atakapokufa yuko atakayedaiwa kwenda kaburini kwake. Kama angalificha kabila lake, au kujifanya hana asili, asingalipata hata huyo. Hapo twaona jambo ambalo watu wa mbali hawalielewi upesi: mtu hakuingia mtaani kwa kuacha kwao, aliingia kwa kupataja.

La tatu ni vyama. Makabila mengi yalifanya vyama vyao mjini, na kazi ya kwanza ya vyama hivyo ilikuwa kuchanga fedha za kusaidiana wakati wa ugonjwa na msiba, kununua sanda, na kumrudisha kwao mgonjwa asiye na nauli. Lakini havikuwa vyama vya makabila pekee. Ngoma ya beni ilikuwa na pande zake, Marini na Arinoti, na mtu aliingia upande autakao, kabila lake lolote. Baadaye mpira ukafanya vivyo hivyo. Timu ya Young Africans ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka 1936 ikaanza ile iliyokuja kuitwa Sunderland, ambayo tangu mwaka 1971 huitwa Simba. Zote mbili makao yake ni Kariakoo, moja upande wa Jangwani, nyingine katika njia ya Msimbazi. Ndugu wa tumbo moja waliweza kugawanyika Yanga na Simba, na Mzaramo na Mchaga wakawa upande mmoja. Ulikuwa utani mpya, nao hata leo una matusi yake na suluhu yake.

Mwaka 1929 kikaanzishwa mjini chama cha Waafrika wote, kiitwacho kwa Kiingereza African Association. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu, na mwandishi wake Kleist Sykes. Huyu Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyeletwa kutoka Msumbiji katika jeshi la Wissmann. Hivyo chama kilichowafundisha watu kusema "sisi Waafrika" kilikuwa na mwandishi ambaye ni mwana wa mgeni. Katika miaka ya 1930 wanachama walijenga nyumba yao katika njia iliyoitwa New Street, ambayo sasa ni njia ya Lumumba. Ndani ya nyumba hiyo, tarehe 7 Julai 1954, chama kiligeuzwa kuwa TANU. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa akiimba katika kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba, akaenda kwa wanawake wa vikundi vya namna hiyo, akawaandikisha kwa wingi. Hakuhitaji kuwakusanya, ngoma na misiba ilikwisha kuwakusanya.

Mpaka hapa tumeonyesha swali la "Kwenu wapi?" katika kinywa cha jirani. Lakini liliulizwa pia na kinywa kingine. Serikali ya Kiingereza iliuona mji kuwa mahali pa Mwafrika kufanyia kazi tu, na kwao halisi kuwa kijijini, chini ya mfalme au jumbe wake. Asiye na kazi aliitwa mhuni, na katika miaka ya 1940 ikatungwa sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa. Askari walipomkamata mtu walimwuliza kwao, si wajue ni mtani wa nani, bali wajue wampakie katika gari lipi. Tusidhani kwamba jambo hili liliondoka pamoja na bendera ya Waingereza mwaka 1961. Mwaka 1983 serikali yetu wenyewe ilitunga sheria ya Nguvu Kazi, na watu waliodhaniwa hawana kazi wakakamatwa Dar es Salaam na kupelekwa vijijini. Wengi wakarudi. Walirudi kwa sababu mahali walipopelekwa palikuwa "kwao" kwa jina, lakini jirani ajuaye sauti ya mtoto wao alikuwa mjini.

Tazama basi, swali ni moja, lakini maana ni mbili. Jirani huuliza ili ajue mtu huyu ashikwe wapi akianguka. Mwenye amri huuliza ili ajue atupwe wapi akisumbua. Jirani humhesabia mtu makao mawili, kule alikotoka na hapa alipo, naye huona jambo hilo kuwa utajiri. Mwenye amri humhesabia makao mamoja tu, na hayo si hapa.

Siku hizi Kariakoo umebadilika sana. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilionyesha mji mzima kuwa na watu wapatao 129,000. Ile ya mwaka 2022 ilionyesha watu 5,383,728 katika mkoa. Soko la kale liliondolewa, na katika miaka ya 1970 likajengwa jipya kwa michoro ya Beda Amuli, msanifu wa Kitanzania. Nalo likaungua tarehe 10 Julai 2021. Nyumba za vyumba sita zimevunjwa karibu zote, mahali pake yamesimama maghorofa ya maduka. Wakinga kutoka Makete na Wachaga kutoka Kilimanjaro wamekuwa wafanyabiashara wakubwa, na wanunuzi hutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Wachina nao wamefungua maduka. Mwaka 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15 zilizotajwa, nyingi zikiwa ndogo ndogo. Hivyo habari ya mgeni na mwenyeji yajadiliwa tena katika njia zile zile.

Sisi hatuna neno juu ya sheria za biashara. Kila nchi ina haki ya kutunga zake. Hofu yetu ni nyingine. Katika maghorofa hakuna ukumbi wa vyumba sita. Mchana maelfu hukanyagana, na jioni wengi hufunga milango wakaenda kulala mbali. Mtaa usiolaliwa hauna uani, na bila uani ni vigumu watu kujuana. Mwezi wa Novemba 2024 jengo moja lilipoporomoka hapo Kariakoo, waliofukiwa walikuwa watu wa mikoa mingi waliokuja kutafuta riziki. Wengi wa waliokimbilia kuchimba kwa mikono, kabla ya mitambo kuwasili, walikuwa wenzao wa sokoni: wachuuzi, wachukuzi, na wenye maduka ya jirani. Tulipozisikia habari hizo tulihuzunika, lakini vilevile tulitambua kwamba desturi ya kale haijafa. Walichimba kwanza; habari za makabila ziliulizwa baadaye, wakati wa kuzipeleka maiti makwao.

Basi twawaomba walimu wenzetu, na vijana wanaokusanya desturi za nchi, wasiishie kuandika mambo ya vijijini kana kwamba mjini hakuna desturi. Mjini zimo, tena zilitengenezwa na watu waliokuwa na shida ya kuzitengeneza. Waandikwe watani wa mjini, waliokuwa wakizika watu wasio na ndugu. Ziandikwe nyumba za vyumba sita na kanuni za ua wake. Yaandikwe majina ya njia na maana zake kabla hayajabadilishwa. Na mtoto akituuliza darasani maana ya mwenyeji, tusimjibu kwamba ni mtu aliyezaliwa mahali, maana kwa kipimo hicho Kariakoo usingalipata wenyeji. Tumwambie kwamba mwenyeji ni yule ambaye majirani wanajua kwao, na ambaye siku akifa hapatakuwa na haja ya kutafuta watu wa kuchimba kaburi.